Vipande, nyaya au maandishi? Namna ya kuchagua njia ya kuandikia programu

Swali hili hunijia karibu kila mwezi, kila mara kwa sura nyingine. Mzazi anauliza kama mwanawe wa darasa la tano aanze na Scratch au aende moja kwa moja kwenye Python, asije akapoteza muda na michezo. Fundi umeme wa kiwandani anataka kujua kama ngazi anazozichora kwenye kompyuta ya mashine ni programu kweli au ni michoro tu. Mwalimu mwenzangu ana wanafunzi 40 na kompyuta 9, naye hajui aanzie wapi. Wote watatu wamekwama pale pale, kati ya programu inayoonekana kama mchoro na programu iliyoandikwa kwa herufi.

Na karibu wote hufika wakiwa na hoja moja waliyoisikia mahali: kwamba binadamu naye alianza kuandika kwa picha, akakua, akaingia kwenye herufi, kwa hiyo picha ni utoto na herufi ni utu uzima. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini imewafanya watu wengi wachague vibaya. Nimeitazama historia ya hati kwa muda sasa, kwa kuwa nafundisha kompyuta na napenda lugha, na naona inasema jambo tofauti kidogo. Nitaileta kila inapofaa.

Njia tatu, na mambo ya kuzipimia

Watu husema "programu za picha" kana kwamba ni kitu kimoja. Ni viwili, na havifanani.

Kuna vipande. Unaburuta kipande chenye maneno, unakipachika chini ya kingine, kama mtoto anayepanga matofali ya kuchezea. Scratch, iliyotolewa na chuo kikuu cha MIT, Marekani, mwaka 2007, ndiyo inayojulikana zaidi, na App Inventor ya kutengenezea programu za simu za Android ni ya ukoo huo huo. Kisha kuna michoro ya nyaya. Humo kila alama ni kazi fulani, na mstari unaotoka alama hii kwenda ile unabeba data au ishara. LabVIEW ya mwaka 1986 inayotumika maabara, Blueprints za Unreal Engine kwenye michezo ya kompyuta, na michoro ya ngazi inayoendesha mashine za viwandani ni za kundi hili. Njia ya tatu ni maandishi: Python, Java, C na nyingine, mstari chini ya mstari, kwa herufi za kibodi.

Nitazipima zote tatu kwa mambo haya: siku ya kwanza inakuwaje, kosa likitokea unalionaje, programu ikishakuwa kubwa inasomekaje, unaweza kuitazama ikiwa inafanya kazi, ukifanya kazi na wenzako inakuwaje, inasema lugha gani, inataka vifaa gani, na inakufikisha wapi.

Siku ya kwanza

Mtoto wa miaka sita ambaye hajasoma vizuri anaweza kuendesha ScratchJr, iliyotoka mwaka 2014, kwa sababu vipande vyake havina maneno. Vina mishale na vijipicha. Hiyo ndiyo programu ya picha hasa. Scratch yenyewe, inayolenga watoto kuanzia miaka minane, ina maneno ndani ya vipande vyake karibu vyote, na asiyejua kusoma atakwama. Wengi hawalioni hili: Scratch ni maandishi yaliyotiwa ndani ya maboksi. Faida yake kubwa siku ya kwanza ni kwamba maneno yote yamepangwa pembeni ya kioo, wewe kazi yako ni kuchagua. Kila aliyejifunza lugha ya kigeni anajua kwamba kulitambua neno ni rahisi kuliko kulitoa kichwani.

Python inakutaka ulitoe kichwani. Si maneno mengi. Maneno yake maalum ni 35 tu. Lakini lazima uyaandike herufi kwa herufi, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza ambaye hajawahi kugusa kibodi huitafuta herufi moja mpaka wenzake wanaanza kumwonyesha kwa vidole. Vipindi vyangu viwili vya mwanzo vya Python siku zote vimekuwa, kwa kweli, vipindi vya kupiga chapa.

Michoro ya nyaya inategemea umetoka wapi. Modicon 084, moja ya vidhibiti vya mwanzo kabisa vya mashine za viwandani, ilitoka mwaka 1969 kufuatia mahitaji ya General Motors, na waliotengeneza vifaa vya aina hiyo walichagua programu ionekane kama mchoro wa relei, yaani swichi zinazowashwa kwa umeme: nguzo mbili za umeme pembeni, ngazi katikati. Walijua watakaoitunza ni mafundi umeme, watu waliokuwa wakisoma michoro ya namna hiyo miaka yote. Kwa fundi huyo siku ya kwanza ilikuwa tayari ya mia. Mpe mwanafunzi asiyejua relei ni nini, mchoro ule ule unakuwa kwake kama maandishi ya ukutani ya mafarao. Picha haijielezi yenyewe. Inaeleweka kwa aliyefundishwa kuisoma.

Kosa likitokea

Hapa ndipo vipande vinapong'ara, na sababu yake msemaji wa Kiswahili anaielewa upesi. Kwenye Scratch, kipande kinachojibu ndiyo au hapana kina ncha pande zote mbili, umbo la pembe sita. Kinachotoa namba au neno kina pande za mviringo. Tundu la pembe sita halikipokei cha mviringo. Ukilazimisha, hakinasi.

Huo ndio upatanisho wa ngeli. "Kitabu kizuri kimeanguka": ki-, ki-, ki-, zimeshikana. Sema "kitabu mzuri ameanguka" na sikio la mtoto wa nyumbani kwetu litakataa, ingawa hajawahi kusikia neno sarufi. Vipande vinalihamisha sikio hilo, vinaliweka kwenye macho na vidole. Mwanafunzi anahisi kwamba sharti si namba, na namba si amri, kabla hajajua kulieleza.

Wamisri wa kale walikuwa na jambo la jirani. Hati yao, ambayo msomi Mfaransa Champollion aliitegua mwaka 1822, ilikuwa na picha nyingi zinazosimamia sauti, na mwishoni mwa neno waliweza kuongeza alama isiyotamkwa ya kuonyesha neno ni la jamii gani. Kitenzi cha kwenda, kwa mfano, kilifuatwa na miguu inayotembea. Scratch inafanya hivyo kwa rangi: vipande vya mwendo ni bluu, vya hesabu na mantiki ni kijani. Na ukifungua Python kwenye kihariri chochote cha leo utakuta maneno yamepakwa rangi kwa jamii zao. Maandishi nayo yameazima ujanja wa picha.

Python haina maumbo ya kukuzuia. Ukisahau nukta pacha mwishoni mwa mstari, au ukiacha nafasi tatu pale mistari jirani ina nne, programu inagoma na ujumbe wa kosa unakuja kwa Kiingereza. Nilikuwa na kijana aliyetazama mstari mmoja nusu saa nzima kwa ajili ya nukta pacha, machozi yakimlenga. Ile nusu saa siisahau. Ujumbe ule, hata hivyo, hukuelekeza kwenye mstari wenye tatizo, na anayejizoeza kuusoma anapata stadi ambayo vipande havimpi.

Vipande vina hatari yake. Vinazuia kosa la sarufi, lakini kosa la hoja linapita bila kuguswa. Mwanafunzi anapanga kitanzi kinachopaswa kuhesabu maembe kumi, kinahesabu tisa, na kila kitu kimenasa vizuri, kina rangi nzuri. Kwa kuwa kimenasa, anaamini ni sahihi. Imani hiyo inachukua muda kuivunja.

Nyaya ziko katikati. LabVIEW ukiunganisha aina mbili zisizopatana, waya unakatika papo hapo na kuwekwa alama nyekundu ya X, na programu haikubali kuendeshwa. Kwenye ngazi za viwandani kuna kosa maarufu la kuandika koili moja, yaani alama ya kifaa kinachowashwa, katika ngazi mbili: ile ya chini ndiyo inayoshinda, mota haiwaki, na ukiitazama kila ngazi peke yake unaona iko sawa kabisa.

Programu ikishakua

Mwaka 1896 hivi, Mfalme Njoya wa Wabamum, kule Foumban katika Cameroon ya leo, aliwaomba watu wake wamchoree vitu mbalimbali, na kutokana na michoro ile akaanzisha hati ya lugha yake. Ilikuwa na ishara zaidi ya 400. Haikumridhisha. Akaipunguza, akaipunguza tena, kila toleo likiegemea sauti zaidi na picha kidogo, hadi kufikia mwaka 1910 ikabaki na ishara kama 80 za kuandikia silabi. Chini ya miaka 15, mfalme mmoja na watu wake walipita njia iliyozichukua hati za Mesopotamia karne nyingi.

Sioni utoto uliokua pale. Naona hesabu. Picha moja kwa jambo moja inamaanisha kila jambo jipya linadai picha mpya, na mengine, kama jina la mtu au neno "uhai", hayachoreki. Wasumeri wa Mesopotamia walitoka kwenye mtego huo kwa kutumia picha ya mshale, ulioitwa *ti*, kuandika neno la uhai ambalo lilisikika hivyo hivyo. Sisi tungeweza kuchora kaa wa baharini na msomaji akasoma "kaa hapa". Picha ikishakubali kuacha maana yake ya kwanza na kubeba sauti, unaweza kuandika lolote kwa ishara chache. Kiswahili cha leo kinafanya hivyo kwa herufi 24, bila q na x.

Jambo hilo hilo linaikuta programu inapokua. Nguvu ya maandishi iko kwenye uwezo wa kukipa kitu jina na kulitumia jina popote. Mistari thelathini ya kukokotoa nauli inageuka neno moja, `nauli`, na ukurasa mzima unasomeka kwa neno hilo. Programu ya mistari elfu kadhaa unaipekua kwa kutafuta neno, unabadilisha jina mahali mia kwa mpigo mmoja.

Scratch inakuruhusu kutengeneza kipande chako mwenyewe na kukipa jina, na hapo ndipo wanafunzi wangu wazuri huanza kufanana na waandishi. Tatizo ni kwamba kipande hicho hakiwezi kurudisha jibu, kinatenda tu. Snap!, ndugu yake aliyetengenezwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kinaweza. Lakini hata Snap! kinadai kioo kikubwa. Kipande kimoja kinakula nafasi ya mistari miwili ya maandishi, na programu ya vipande mia tatu inakuwa kutembeza kioo juu chini hadi kidole kiume.

Nyaya zinaumia zaidi, na hili limepimwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti T. R. G. Green na Marian Petre, Uingereza, waliwapa watu wazoefu programu za namna moja zikiwa katika michoro ya LabVIEW na zikiwa katika maandishi. Michoro ilichukua muda mrefu zaidi kueleweka. Walikuta pia kwamba mtaalamu hupanga visanduku vyake kwa mpangilio wenye maana, vinavyohusiana karibu karibu, njia kuu ikinyooka. Mgeni anavitupa popote, na ndani ya wiki nyaya zinakuwa kama wavu wa mvuvi ulioachwa juani bila kukunjwa. Kuchora vizuri ni stadi, kama mwandiko.

Nisiionee michoro. Yako mambo ambayo maandishi huyasema kwa shida. Maandishi ni foleni: neno hili kisha lile. Ukiwa na mikondo mitano ya data inayotembea kwa wakati mmoja, ikigawanyika na kuungana, foleni inakulazimisha kuisimulia mmoja mmoja, halafu msomaji aiunganishe kichwani. Mchoro unaiweka yote mezani. Fundi sauti anayechanganya maikrofoni, mhandisi anayechuja ishara ya kipimo, mtu anayepanga pampu tatu na matangi mawili, hao wanafikiri kwa mikondo tangu mwanzo.

Kuitazama ikiwa hai

Hiki ndicho kigezo ambacho watu wa maandishi, mimi nikiwemo, tunakisahau. Simama kiwandani mbele ya mashine iliyogoma. Fundi anaunganisha kompyuta mpakato, mchoro wa ngazi unatokea, na ngazi zinazopitisha ishara zinang'aa kwa rangi muda huo huo mashine inapohangaika. Anafuata mwanga kutoka kushoto, anafika mahali umekatika: kihisi cha mlango kinasema mlango uko wazi. Anaenda anafunga mlango. Dakika tatu.

LabVIEW nayo inaweza kupunguza kasi na kukuonyesha data ikitiririka ndani ya waya, na Scratch inaizungushia mwanga rundo la vipande linaloendeshwa. Python unaweza kuisimamisha mstari kwa mstari kwa zana maalum, lakini anayeanza hufanya tulivyofanya sote: anajaza `print`, amri ya kuandika kitu kwenye kioo, kila mahali asome kilichotokea baada ya kutokea. Kwa anayetunza mashine usiku wa manane, kuona moja kwa moja kunapita mengi niliyosema kuhusu programu kubwa.

Kufanya kazi na wenzako

Sehemu hii ni fupi kwa sababu tofauti yake iko wazi. Maandishi yanatumwa kwa WhatsApp, yananakiliwa, na zana kama Git zinaonyesha neno gani lilibadilishwa, na nani, lini. Mradi wa Scratch ni faili moja. Ukitaka kujua mwenzako kabadilisha nini, unalifungua unalinganisha kwa macho. Michoro ya nyaya vivyo hivyo, ingawa kampuni zinazoiuza zina zana zao za kulinganisha matoleo. Mkiwa wawili mezani pamoja, hata hivyo, vipande na michoro hujadilika vizuri kuliko maandishi: mmoja anaelekeza kwa kidole, mwingine anasogeza.

Lugha

Scratch inageuka Kiswahili kwa kuchagua tu kwenye mipangilio. Na kinachotokea hapo ni kizuri kuliko tafsiri ya kawaida: mradi uliotengenezwa na mtoto wa Brazili kwa Kireno unaufungua na vipande vyake vinasomeka kwa Kiswahili, kwa sababu chini ya maneno kuna kipande kile kile. Ni kama tarakimu. Ukiandika 5, Mswahili anasoma tano, Mwarabu khamsa, Mfaransa cinq, na hakuna aliyekosea. (Majina ambayo mtoto yule aliyabuni mwenyewe yatabaki ya Kireno.)

Python inabaki na maneno yake 35 ya Kiingereza. Yaliyobaki ni yako:

`for siku in range(7):`
`    jumla = jumla + mauzo[siku]`

Nawasisitizia wanafunzi waandike majina ya Kiswahili namna hii. Mwanafunzi anayeita kigeu `mauzo` anajua kilichomo ndani. Anayekiita `x` kwa kuwa kitabu kilisema hivyo, hajui.

Kiswahili chenyewe kimewahi kubadili hati. Washairi wa Pate, Lamu na Mombasa waliandika tenzi kwa hati ya Kiarabu, yenye alama tatu za irabu fupi wakati lugha yetu ina irabu tano, na msomaji alitegemea kuijua lugha ili asome sawasawa. Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa baadaye alipendekeza alama za nyongeza ili pengo hilo lizibwe. Hati ya Kilatini ilienea kwa kuja pamoja na shule, mitambo ya chapa na taipureta, si kwa uzuri wa herufi zake peke yake. Programu za maandishi nazo zilikuja pamoja na kibodi, na kwa miaka sitini zana zote, kuanzia vihariri hadi Git, zimejengwa kwa ajili yake. Mtu akikuambia maandishi ndiyo njia ya asili ya kuprogramu, mkumbushe hilo. Ndiyo njia iliyoandaliwa vizuri zaidi, na kwa anayechagua leo, hiyo ni sababu nzito ya kutosha.

Vifaa, umeme, macho

Scratch ina toleo linalosakinishwa na kufanya kazi bila intaneti, lakini inataka kioo kipana na mausi. Kwenye simu ndogo ni mateso. Python inaendeshwa hata na kompyuta kuukuu, na kwenye simu ya Android kuna Pydroid 3. Faili lake ni jepesi kuliko picha moja ya simu. Unreal Engine inadai kompyuta yenye nguvu na ya gharama. Programu za kuchorea ngazi nyingi zinalipiwa leseni, na kila kampuni ina yake. LabVIEW ina toleo la bure kwa matumizi yasiyo ya kibiashara.

Kwa mtu asiyeona, chaguo linaelekea upande mmoja. Maandishi yanasomwa na programu ya kusoma skrini na kuandikwa kwa kibodi, hata kwa nukta nundu. Kuburuta vipande kwa mausi, au kufuata waya kwa macho, kunamwacha nje. Shule yenye mwanafunzi wa namna hiyo isianze na Scratch kisha imtafutie kazi nyingine ya pembeni.

Inakufikisha wapi

Hofu ya yule mzazi ni kwamba vipande vitamchelewesha mwanawe. David Weintrop na Uri Wilensky waliwafuatilia wanafunzi wa sekondari Marekani: kundi moja lilianza na vipande, jingine na maandishi, kwa wiki 5, kisha wote wakaingia Java. Mwishoni mwa wiki zile 5 waliotumia vipande walikuwa wamepiga hatua zaidi. Baada ya wiki 10 za Java, tofauti haikuonekana tena. Naisoma hivi: vipande havikumpunguzia mtu kitu, na havikumbebea mzigo wa kuvuka. Kuvuka kuna kazi yake, lazima kupangiwe muda.

Zana zinazokaa mpakani zinasaidia. MakeCode, inayotumika na kile kibao kidogo cha saketi kiitwacho micro:bit, inaonyesha programu moja kwa vipande na kwa maandishi. Unabofya unaona upande wa pili. Nimemwona mwanafunzi akirudi na kwenda, akirudi na kwenda, kama msomaji wa tafsiri iliyochapwa kurasa zikitazamana.

Ngazi za viwandani hazihitaji kukufikisha kwingine. Ni kazi kamili. Kiwango cha kimataifa cha vidhibiti vya viwandani, IEC 61131-3, kinaiweka michoro ya ngazi na lugha ya maandishi bega kwa bega, na fundi anayejua zote mbili ana nafasi pana zaidi.

Kwa hali yako

Mtoto ni chini ya miaka saba, bado anajifunza kusoma: ScratchJr, na umkalie karibu. Akiwa kati ya miaka minane na kumi na miwili, Scratch kwa Kiswahili kama ndiyo lugha yake ya nyumbani. Usimhamishe kwa umri. Mhamishe anapoanza kulalamika kwamba vipande vinamchelewesha, au anapotengeneza vipande vyake na kuvipa majina mazuri.

Uko sekondari na una miezi michache kabla ya masomo yanayodai Java au Python: anza na vipande wiki tatu au nne, kisha vuka mapema, na muda wa kuvuka usiupunguze. Kama tayari unapiga chapa bila kutazama vidole, anza na maandishi leo.

Una simu peke yake: Python. Jizoeze programu fupi fupi za mistari kumi.

Unataka programu ya simu kwa ajili ya duka au kikundi chako mwaka huu, na huna nia ya kuwa mwandishi wa programu: App Inventor itakufikisha. Ikianza kuwa na kurasa nyingi na watu wengi wa kuirekebisha, tafuta mtu wa maandishi kabla haijakushinda.

Wewe ni fundi umeme, au kazi yako ni vipimo na ishara: kaa na michoro, ijue kwa kina, jifunze kuipanga isomeke na mwenzako wa zamu ya usiku. Kisha ongeza lugha ya maandishi kwa ajili ya hesabu, maana fomula ndefu ndani ya ngazi inachosha kuiandika na kuisoma.

Na mwalimu mwenye wanafunzi 40 na kompyuta 9: kata vipande vya manila, vipake rangi za Scratch, andika maneno kwa kalamu nene, na matundu ya pembe sita yakatwe vizuri yasipokee kipande cha mviringo. Makundi yapange programu juu ya madawati kwanza. Kundi likishakubaliana, mwenzao mmoja awe ndiye mashine: asome kipande kimoja kimoja kwa sauti na kutenda anachoambiwa, hatua tatu mbele, geuka kulia. Wanaoingia kwenye kompyuta wawe wale ambao mashine yao imefika mlangoni bila kugonga dawati.